Mtu Anayemtoa Babu Ukutani

Jirani yetu ana tabia moja ambayo imenichosha tangu nikiwa na miaka tisa: anakuja kumtoa Babu ukutani.

Hapigi hodi kama watu. Anasema "hodi" akiwa tayari katikati ya sebule, kandambili mkononi, macho juu kwenye msumari. Anavuta kiti chetu, kile kimoja ambacho miguu yake yote ni mizima, anapanda, anashika fremu kwa mikono miwili na kumshusha Babu taratibu kama mtu anayetua kapu la mayai. Babu ni mchoro wa penseli. Au tuseme mchoro unaofanana na wa penseli, maana kwa miaka saba penseli haikuwahi kuugusa. Umechorwa na ordinatere, yaani kompyuta, ya huyo huyo jirani, kutoka kwenye picha ya zamani. Akishafika chini anasema neno lake:

"Iko bado. Ile nyusi haijakaa muzuri."

Mara ya kwanza ilikuwa nyusi. Mara ya pili shavu. Halafu kidevu, halafu nyusi tena, halafu nywele za pembeni. Miaka saba! Nyumba ya matofali inajengwa, inaezekwa, watu wanahamia, wanagombana, wanahama, na mchoro mmoja wa mtu mmoja bado haujaisha. Siku mbili tatu msumari unabaki peke yake, wageni wanauliza, "Marehemu amekwenda wapi?" na Mama anajibu, "Amekwenda kwa Papa Foto," kama vile Babu amekwenda kunyoa.

Mimi sisemi kitu. Kuongea mbele ya watu kunanishinda. Maneno yanajipanga vizuri kichwani, lakini yakifika mdomoni yanageuka na kurudi yalikotoka. Ndiyo maana jirani ananiita Mama Kimya, na ndiyo maana nina kaye hii, daftari langu. Yote niliyotaka kumwambia kwa miaka saba nayaandika humu.

Siku hizi hapa Kindu kila kijana mwenye simu ni mpiga picha. Lakini mtaani kwetu ukisema Mpiga Picha, watu wanajua ni nani. Ni jirani yetu huyo, mzee mrefu, mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni hata jua likiwaka namna gani. Alikotoka sijui. Leo atakuambia Lokandu, kesho atakuambia Kalima, na siku akichoka kuulizwa atasema, "Nilitoka ndani ya chumba cha giza." Nimeacha kuuliza.

Buro yake ni chumba kimoja kinachotazama njia, na ukuta wake na ukuta wetu ni ule ule. Juu ya bati ana pano ya jua ya kutoa umeme, chini ya meza betri ya gari, juu ya meza ordinatere ya zamani yenye uzito wa mfuko wa mpunga. Kupiga picha hapigi tena sana. Watu wanamletea picha zao zilizolowa, zilizoliwa na mende, au zile za kadi ya kupigia kura ambazo kila mtu anaonekana kama amekamatwa, naye anazigeuza kuwa michoro. Kwenye kilio siku hizi, familia isiyoweka mchoro wa marehemu mbele ya nyumba, juu ya kiti kilichofunikwa kitenge, inaonekana haikumpenda mtu wake. Na kwa nini mchoro, si picha yenyewe? Kwa sababu ukikuza picha iliyoharibika, unakuza na uharibifu wake. Mchoro unabakiza mistari tu. Doa la maji halina mistari, kwa hiyo linapotea.

Kinachokasirisha ni kwamba mtu huyu, ambaye mlango wake umeandikwa ARTISTI kwa rangi nyekundu, hawezi kuchora. Hata mbuzi. Nilipokuwa mdogo nilimwomba mbuzi, akainama nusu saa juu ya karatasi, akanipa kitu chenye miguu minne juu. Nikamwuliza kama ni meza imepinduliwa.

"Ni mbuzi amelala," akasema, na akakasirika yeye.

Tena ni mpiga picha asiyekumbuka sura. Kuna siku ananisalimia kama mgeni, mimi ninayepita mbele ya dirisha lake mara nne kwa siku. Anachokumbuka ni namna nguo inavyomkaa mtu. "Hiyo shati ya shule ilikuwa ya nani mbele yako?" aliniuliza siku moja, hajaniangalia hata usoni. Ilikuwa ya binti ya mjomba, mwenye mikono mirefu. Watu wa mtaani anawaita kwa mabega yao: yule wa bega la chini, yule anayebeba shingo. Mama anasema ni kazi iliyomharibu. Mimi nasema ni uvivu.

Nyumbani kwake hakuna picha ukutani hata moja. Sisi ni watu wa kanisa, yeye ni Mwislamu, na wenzake wa msikitini wanamwambia mara kwa mara kwamba kutundika sura za watu si vizuri. Anawasikiliza kwa heshima, anaitikia kwa kichwa, halafu anarudi buroni kutengeneza sura. Mama alimwuliza siku moja anapatanaje na hayo mawili. "Mimi natengeneza," akasema, "situndikaki." Na aliyekuwa amesimama juu ya kiti chetu, nyundo mkononi, akitupigia msumari, alikuwa nani?

Lakini hakuna kinachowatoa watu jasho kama ule weupe wake.

Nimeuona mara nyingi kupitia dirishani. Anaanza kwa kuipiga picha ya zamani kwa simu na kuihamishia kwenye ordinatere, kisha anaitoa rangi. Anatengeneza nakala ya pili juu ya ile ya kwanza, anaigeuza: nyeusi inakuwa nyeupe, nyeupe inakuwa nyeusi. Hapo anatabasamu, kwa sababu ni sawa na filme aliyokuwa akiosha zamani. Kisha anaiambia mashine ichanganye zote mbili, na hapo ndipo kila kitu kinapotea. Picha na kinyume chake zinafutana. Kioo kinabaki cheupe pe, kama sahani iliyooshwa. Ukitaka mtu arudi, unaifanya ile nakala ya juu iwe na ukungu, kidogo kidogo, na mistari inaanza kutoka: macho kwanza, kisha mdomo, kisha kola.

Mtu mwingine yeyote angefanya hatua hizo mbili kwa pamoja. Yeye hapana. Akifika kwenye weupe anasimama. Anakunja mikono, au anakuja kwetu kuomba kaa la moto, au anakumbuka kwamba ni saa ya kuswali.

Siku moja alikuwa na mama mmoja kutoka Alunguli, amevuka mto kwa mtumbwi na picha ya mume wake ndani ya mfuko wa sukari. Nilikuwa nje nafua, nikasikia:

"Papa, bwana yangu iko wapi?"

"Amekwenda."

"Amekwenda wapi? Si nilimuleta hapa? Alikuwa mule ndani sasa hivi!"

"Ngoja kidogo, mama."

"Ningoje nini? Nimevuka maji na ye, hakuanguka. Nafika kwako, unamupoteza!"

"Usiwe na haraka na muntu mwenye amekwisha kufa," Mpiga Picha akamwambia, akachukua birika lake, akatoka kwenda kutawadha.

Yule mama alikuja mlangoni kwetu amejishika kichwa. Mama akampa maji, akamkalisha, akamwambia asiogope, huyu mzee ndivyo alivyo. Alipomaliza sala yake, bila haraka, Mpiga Picha akarudi mezani na kuigusa mashine. Macho yakatoka. Yule mama akapiga kelele kwamba ndiye, "Njo ye! Muone, njo ye!" akakaa chini kwenye simenti. Halafu akasimama, akampiga Mpiga Picha kofi la begani, kofi la kweli, kabla ya kumshukuru.

"Lakini kwa nini unawafanyiaka hivi?" Mama akamwuliza baadaye.

"Muntu akimuona anatoka fasi ya hakuna kitu, mule katika weupe," akasema, "hanisumbui tena juu ya pua."

Sikujua nimcheke au nimchukie.

Nyuma ya mlango wa buro linaning'inia koti ambalo halivaliwi na mtu. Lilikuwa la buluu. Mfuko wa kushoto ulichanika zamani, ukashonwa kwa uzi mweupe, nyuzi kubwa kubwa zilizopishana kama ngazi. Habari ya koti hilo anaisimulia wakati wa mvua tu, siku betri haina nguvu na ordinatere imelala.

Wakati wa vita mji ulifungwa. Watu walikuwa ndani, mashamba yalikuwa nje. Ili upite bariere ya askari ukachimbe muhogo wako mwenyewe, ulihitaji karatasi, na karatasi ilihitaji picha. Wapiga picha wengine walikuwa wamekimbia au wamenyang'anywa vyombo. Yeye alibaki na kamera moja na filme za kuhesabu. Dirisha alilifunika blanketi, maji aliyochota mto Lualaba aliyachuja kwa kitambaa, na mpaka leo picha zake za miaka ile zina vitone vidogo vya mchanga. Watu walikuja na mashati ya kuchanika, na mtu aliyechanika bariere ilimwona mpiganaji wa msituni. Kwa hiyo aliwaazima koti lake la harusi. Mmoja analivua, mwingine analivaa: wanene, wembamba, wanawake pia.

"Koti haikupoaka," husema. "Asubuhi mpaka jua inashuka, iko na moto ya watu."

Kila mtu alitengenezewa picha tatu. Moja ya karatasi, moja ya kupeleka nyumbani, na moja aliiweka ndani ya mkebe wa maziwa, ya akiba, kama mtu angenyang'anywa karatasi njiani.

Babu yangu, baba ya Mama, alikuwa mmoja wao. Mama alikuwa na miaka minane. Babu alirudi na ile picha ndogo, akampa aishike wakati yeye anakula, na Mama akaweka kidole juu ya zile nyuzi nyeupe za mfukoni, akazihesabu. Zilikuwa kumi na moja. Kesho yake Babu alitoka na karatasi yake kuelekea shamba, ng'ambo ya Mikelenge. Hakurudi. Baadaye Bibi alivuka mto na ile picha imefungwa kwenye kitenge, maji yakaingia, ikabanduka yote. Bibi naye alishafariki. Mama alibaki na nyuzi kumi na moja kichwani. Sura ilimtoka polepole bila yeye kutaka, ananiambia mwenyewe: "Nilishika sauti yake. Nilifikiri sura itakaa tu."

Tulipohamia mtaa huu nilikuwa na miaka tisa. Mama alipojua jirani ni yule yule mpiga picha wa wakati ule, alikwenda hata kabla hatujafungua mizigo, mimi nyuma yake. Akaomba mkebe. Mpiga Picha akasema mkebe ulinyeshewa, picha zimegandamana kama majani ya sombe chunguni. Akabandua moja kwa kisu. Nusu ya uso ilikuwa imeliwa na doa, lakini mfuko ulionekana wazi, na nyuzi zake nyeupe. Mama akahesabu. Kumi na moja.

"Njo papa," akasema, akalia mpaka majirani ambao hatujawajua bado wakaja kutuona.

Mpiga Picha alimwangalia Mama. Akaiangalia picha. Kisha akaiwasha mashine, na siku ile ile Babu akapanda ukutani kwetu.

Mama aliweka sheria: asubuhi unamsalimia Babu kabla ya kuondoka. Mimi nilipita sheria. Mimi ambaye siwezi kumwomba mwalimu ruhusa ya kutoka nje, kwa Babu nilikuwa naongea mpaka Mama ananiita mara tatu. Nilimweleza mitihani. Nilimweleza mwalimu wa Kifaransa anavyotusimamisha mbele kusoma. Zaidi nilimweleza juu ya Riziki, tunayekaa naye benchi moja, anayenakili hesabu zangu kisha anapata alama kunizidi, na anayecheka kama mlango usio na mafuta. Miaka miwili nimemsengenya Riziki kwa Babu, na Babu alinisikiliza.

Mwezi uliopita bibi ya Riziki alifariki. Darasa zima tulikwenda kilioni, kule Mikelenge, na Mama naye akaenda na wamama wengine na masufuria yao. Mbele ya nyumba kulikuwa na viti viwili vyenye vitenge. Kwenye cha kwanza, mchoro wa marehemu. Kwenye cha pili, mchoro wa mume wake aliyemtangulia, umetengenezwa kwa ajili ya siku hiyo ili mke asikae peke yake.

Kwenye kiti cha pili alikuwa amekaa Babu yangu.

Si Babu wa sasa kabisa. Babu wa mwanzo, yule wa nilipokuwa na miaka tisa, kabla nyusi na kidevu havijaguswa. Lakini sikio lilikuwa lile lile, la kushoto, lililochomoza kama mkono wa kikombe. Na mfuko. Na nyuzi.

"Unamuangalia babu yetu?" Riziki akanishika mkono. Macho yake yalikuwa yamevimba, lakini akimtaja huyo alitabasamu. "Ule alikuwa mujanja! Wakati wa vita alipitaka bariere kila juma, anaenda, anarudi na muhogo. Tumbo njo ilimuua, juzi juzi tu, mimi niko kwenye darasa la sita."

Akaniletea na picha yenyewe, ndogo kama kibiriti, safi, haina doa. Hapakuwa na cha kubisha.

Kwa hiyo mtu wetu wa ukutani alikuwa amerudi. Alitoka na karatasi yake, akachimba muhogo wake, akarudi, akazeeka, akawabeba wajukuu, na mmoja wao nimemsema vibaya mbele yake miaka miwili. Wetu ndiye hakurudi, na hata ukutani hakuwepo.

Nilimtafuta Mama kwa macho. Alikuwa nyuma ya nyumba, ameinamia moshi wa sufuria. Nikamshukuru Mungu kwamba hakuona.

Majuma matatu nilibeba jambo hilo kama mzigo usio na pa kushika. Kila asubuhi Mama anaifuta fremu kwa pembe ya kitenge, nami napita kichwa chini.

"Umegombana na Babu?" akaniuliza.

Nikasema nimechelewa shule. Ningemwambia nini? Nikinyamaza, ataendelea kumfuta jasho baba wa watu. Nikisema, namuua baba yake mara ya pili, na safari hii bila hata picha.

Jumamosi iliyopita, Mama akiwa sokoni, Mpiga Picha akaingia, akasema hodi akiwa katikati ya nyumba, akavuta kiti. "Iko bado. Ile kola." Akamshusha, akaondoka naye. Na mimi nikasimama, nikamfuata. Nikasema hodi nikiwa tayari ndani ya buro yake, kama yeye.

"Huyu si Babu."

Aliiweka fremu juu ya meza. Hakushtuka, na hilo ndilo lililonikasirisha kuliko yote.

"Mama Kimya, leo unasema."

"Ni babu ya Riziki! Na ulijua!"

"Nilijua siku ile ile ya mukebe." Akavuta kiti, akakaa. "Nilitaka kubandua ya pili. Mama yako hakuningojea."

"Si ungemwambia?"

"Nimuambie nini? 'Mama, acha kulia kwanza, weka ule chini, chukua mwingine'? Wote walivaa koti yangu, mwanangu. Nyuzi kumi na moja, wote. Kisha nilibandua mukebe muzima, moja moja. Wengi maji ilikula uso, inabaki koti tu. Babu yako iko katika wale."

Nilikuwa nimekuja na maneno mengi, yakaanza kugeuka. Yeye akawasha mashine. Akafungua fasi moja yenye picha ndogo ndogo zimepangwa mstari kwa mstari, nyingi, na zote zilikuwa Babu. Ya kwanza alikuwa babu ya Riziki, kama alivyokaa kwenye kiti kule Mikelenge. Ya pili nyusi zilikuwa nene zaidi. Ya tatu shavu limeingia ndani. Akaendelea kushuka, na kila mstari yule mzee wa watu anaondoka kidogo, mwingine anakuja kidogo.

"Kila nikimurudisha, mama yako anasema nini?"

Nikakumbuka. Akishamtundika haondoki. Anasimama, anaomba maji ya kunywa, na mimi siku zote nilifikiri anangojea chakula. Mama anauangalia mchoro, anasema, "Muzuri. Lakini papa alikuwa na kidevu kifupi." Au, "Muzuri sana. Lakini nyusi zake zilikuwa kama za huyu mutoto wangu." Nimesikia ile "lakini" sijui mara ngapi, na kila mara niliona ni adabu ya Mama tu.

"Ungemwuliza moja kwa moja," nikasema. "Miaka saba!"

"Ukimuuliza muntu, 'Baba yako alikuwa namna gani?' hajue. Analia tu. Sasa umuonyeshe mwenye si ye. Atakuonyesha fasi zote zenye si ye."

Nikaangalia picha ya mwisho kwenye mstari. Ukitoa sikio, babu ya Riziki hakuwamo tena.

"Wewe mwenyewe humkumbuki? Ulimpiga picha."

"Sura, hapana. Zilipita nyingi." Akageuka, akaliangalia koti nyuma ya mlango. "Mabega nakumbuka. Muntu moja, koti ilikataa kufunga. Tulivuta, ye huku, mimi huku, tukacheka. Na njaa yote ile, tukacheka. Nikamupiga hivyo hivyo, koti wazi. Aliniambia iko na mutoto mwanamuke kwake mwenye anahesabuka kila kitu, atahesabu na vifungo." Akagusa mchoro kwenye fremu. "Angalia sasa huyu. Amefunga. Kufuta najua. Kuweka ukungu najua. Kifungo sijue kukifungua. Chini ya koti mashini haina kitu ya kuonyesha."

Kumbe si kola. Ilikuwa kifungo, na aliona aibu kusema.

"Lakini wewe unachoraka," akaongeza. "Katika ile kaye yako. Niliona kwa dirisha."

Mtu huyu anachungulia kaye yangu! Nilitaka kuondoka. Badala yake nilitoa penseli yangu mfukoni, kwa sababu alikuwa tayari ametoa karatasi ndani ya fremu na kuinyoosha mbele yangu, na kwa sababu nilitaka kumwona mtu asiyefungika koti. Nikafunika kifungo kwa mistari. Nikaangusha pande mbili za koti, moja huku moja huku, nikaweka shati katikati, na mikunjo ya kwapani pale nguo inapovutwa na mwili mkubwa. Yeye alikuwa ananipumulia shingoni.

"Vuta bega. Vuta tena. Ule hakuwa na bega ya mwalimu."

"Papa Foto, niache nifanye!"

Nilipiga kelele. Mtu wa njiani aligeuka kuangalia. Mpiga Picha alicheka mpaka akakohoa.

Tulikuwa tumerudi nyumbani, tunamtundika Babu, Mama alipoingia. Akatua beseni la samaki. Akauangalia mchoro muda mrefu, mikono bado imekaa kama imeshika beseni, nami nikasikia maji yakichuruzika kutoka kwenye samaki.

"Nani aliwaambia ilikuwa inamubana?" akauliza. Sauti ilikuwa ndogo. "Ile koti. Mimi sijamuambia mutu. Nilikuwa nimesahau."

Mpiga Picha akaangalia vidole vya miguu yake. Hapo nikajua ni lazima niseme, sasa hivi au kamwe.

"Mama. Lile sikio…"

"Sikio najua," akasema. "Sikio ni ya bwana ya marehemu wa Mikelenge. Nilipita pale mbele na sufuria ya wali, nikamuona amekaa. Nikamusalimia, nikapita."

"Na ulinyamaza tangu siku ile?"

"Na wewe ulisema?"

Alinishika kichwa, akanivuta kwenye kitenge chake kinachonuka samaki. Kisha nikamsikia akivuta pumzi juu ya kichwa changu, na kidole chake kikaelekea kwa jirani.

"Na wewe, Papa Foto! Miaka saba muntu anakaa kwangu na sikio ya wenyewe. Muzuri, koti muzuri. Lakini papa alikuwa na masikio madogo, ya kulala."

Mguu mmoja wa Mpiga Picha ulikuwa tayari juu ya kiti.

"Si nilisema iko bado?"

Leo ni Jumatano. Babu hajarudi. Asubuhi Mama anausalimia msumari, na wageni wakiuliza anawaambia Babu amekwenda kwa Papa Foto, kutengenezwa sikio. Penseli yangu iko huko pia.